Kisu cha Nanasi

Baba Mkubwa Massoudi alifika kutoka Kigoma siku ya Ijumaa, na kabla hajamaliza chai yake ya kwanza alikuwa ameshaniozesha.

"Khaled anakusubiri," aliniambia, kikombe mkononi. "Kijana wa maana. Ana duka la vitambaa, ana nyumba yake, na kule kwetu watu wanalala bila kusikia risasi. Boti inaondoka Jumatatu asubuhi. Tikiti yako ninayo."

Akagonga mfuko wa kanzu kwa vidole viwili ili nisikie karatasi inavyolia humo ndani.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na tupa mkononi, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia, "Baba Mkubwa, karibu sana nyumbani. Ila hiyo boti sipandi."

Mama yangu, Fatouma, alinikanyaga mguu. Baba yangu, Mzee Huseni, akaangalia sinia ya mandazi. Ndivyo alivyo baba. Mbele ya chuma hakuna anayemuweza, lakini kaka yake mkubwa akikohoa tu, yeye hafungui mdomo.

Mimi ni Kudra. Mwaka ule wa 2001 nilikuwa na miaka ishirini na minne, na mtaa wetu wote wa Buyenzi ulijua mambo mawili juu yangu: nafua visu, na nina mdomo. Jambo la tatu walikuwa hawajalijua, au walijifanya hawalijui. La tatu linaitwa Méthode.

Kazi ya visu nilianza kwa kuvuta mivukuto ya baba nikiwa na miaka tisa. Siku moja mgongo ukamkamata, nikashika nyundo, na sijairudisha mpaka leo. Tulifua kwa springi za malori yaliyokufa. Chuma chake ni kigumu, kinabishana na wewe, na mimi napenda kitu kinachobishana. Napenda kinapotoka kwenye makaa kikiwa na rangi ya chungwa. Napenda kelele yake kinapozama kwenye oili chafu. Zaidi ya yote napenda ile saa ya mwisho, kipini cha pembe ya ng'ombe kimeshakaa, nakilaza kisu kwenye kiganja na mkono wenyewe unasema basi, kimetosha. Wateja wetu wengi walikuwa wavuvi na wachungaji wa ng'ombe, lakini visu vilivyonikosesha usingizi ni vya watu wa kutembea porini: kifupi, mgongo mnene, ala ya ngozi ya kufunga kiunoni.

Ndivyo vilivyomleta Méthode. Alikuwa mlinzi wa Hifadhi ya Rusizi, kijana wa mtaa wa Nyakabiga anayeishi na mama yake. Alitumwa na daktari mmoja aliyependa kutembezwa kule kuangalia ndege, aje amchukulie kisu chake. Akakigeuza mara mbili, akasema kwa upole, bila hata kuniangalia, "Aliyefua hiki hajawahi kutembea porini."

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Kipini kinateleza mkono ukiwa na jasho."

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. "Basi nipeleke huko porini nikaone," nikasema.

Ndipo akaniangalia. Ana macho ya mtu aliyezoea kuangalia mbali, na siku ile yalikuja karibu ghafla, yakanikuta sijajiandaa. Akanipeleka. Huo ulikuwa mwezi wa pili. Sasa tulikuwa mwezi wa nane, na Jumapili ile saa tisa alasiri alikuwa aje kuzungumza na baba kwa mara ya kwanza. Baba Mkubwa akasikia, akacheka. "Aje," alisema. "Nitamsikiliza. Halafu Jumatatu tutapanda boti."

Jumapili asubuhi nikafunga mtandio, nikachukua kisu kipya.

"Unaenda wapi?" mama akauliza.

"Kujaribu kisu."

"Kisu gani kinachojaribiwa kila Jumapili?" Hakuwa mjinga mama yangu. Ila alinitilia nanasi kwenye kapu mwenyewe, maana alijua habari ya kizuizi.

Miaka ile ya vita hakuna aliyepita kizuizi cha askari cha barabara ya Gatumba na kisu kitupu. Ukikutwa na kisu peke yake utaeleza mpaka jua lizame. Ukikutwa na kisu na tunda, wewe ni mtu anayekwenda kula tunda. Sisi mafundi tuliwaambia hivyo wateja wetu wote, na wauza nanasi wa soko la Buyenzi walitupenda kwa hilo.

"Kisu ya nini?" askari akauliza.

"Ya nanasi, afande."

"Na nanasi ya nini?"

"Ya kula."

Akalichukua, akalinusa kwa muda. "Imeiva," akasema.

"Imeiva sana."

Akatupitisha, mimi nimekaa nyuma ya baiskeli ya Méthode, yeye anakanyaga na kutikisa mabega kwa kicheko alichokuwa anakificha.

Rusizi asubuhi ni nzuri mpaka unaona aibu kwamba kuna vita. Miti ya mivumo imesimama mirefu, tai kakaa juu ya mmoja anatuangalia kwa dharau, na kwenye matete kitu kinatembea ambacho hukioni. Méthode alitembea mbele, taratibu, anaweka mguu wote chini. Alinifundisha kusoma njia: hapa kapita nzohe, yule swala wa majini, tazama kwato ndefu; hapa mamba kajivuta, tusikae. Nami nilikata matete yaliyoziba njia, nikachonga fimbo, nikakausha kiganja kwenye sketi, nikalowesha tena kwa makusudi. Kipini nilikuwa nimekichora mistari midogo. Hakikuteleza hata kidogo.

"Sasa kinasemaje?" nilimuuliza, nikimwonyesha.

"Kinasema aliyekifua ametembea," akajibu. Nikatembea nikiwa mrefu kwa dakika kumi nzima.

Ndipo akainua mkono, tukasimama.

Kiboko alikuwa njiani, hatua ishirini mbele yetu, jike na mtoto wake. Mtoto alikuwa na ngozi ya waridi masikioni. Mama yake alikuwa ametugeuzia ubavu, na mto ulikuwa upande wetu.

"Tuko kati yake na maji," Méthode alinong'ona. "Usikimbie. Rudi kushoto pamoja nami. Kule kwenye mvumo."

Tukarudi hatua kwa hatua mpaka shina la mvumo likawa mbele yetu. Halikuwa pana. Alinisimamisha mbele yake, mgongo wangu kwenye kifua chake, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, na moyo wake niliusikia ukigonga kwenye bega langu. Kiboko akageuka. Alifungua kinywa, na nikaona meno ambayo hakuna fundi anayeweza kuyaiga. Alitutazama kwa muda mrefu sana. Nami, Mungu anisamehe, nusu ya akili yangu ilikuwa kwa kiboko na nusu ilikuwa kwa ule mkono.

Halafu akaamua hatuna maana. Akapita, mtoto nyuma yake, wakaingia majini, maji yakafunga.

Hatukutengana mara moja. "Kudra," alisema kwenye nywele zangu, "angalia mkono wako."

Nikaangalia. Nilikuwa nimeshika kisu, nimekielekeza mbele.

"Ulitaka kumumenya?"

Tukacheka mpaka tukakaa chini. Nikageuka, tukatazamana, na kicheko kikatuishia wote wawili kwa wakati mmoja. Alinishika shavu. Nilidhani ni mapenzi, na yalikuwa mapenzi, lakini yaliyotoka mdomoni mwake ni mengine kabisa.

"Labda uende Kigoma," alisema. Habari ya Khaled na boti nilikuwa nimemweleza njiani.

"Umesema nini?"

"Mama yako analia kila risasi ikilia kule Kinama. Mwezi uliopita mwenzangu Salvator alitoka hapa na baiskeli, hakufika kwao. Mi sina nyumba, sina duka la vitambaa. Kule utalala. Labda baba yako mkubwa ana haki."

"Kwa hiyo leo saa tisa unakuja kwetu kufanya nini? Kunibebea mizigo?"

"Nitakuja kukuomba. Nimeahidi. Lakini moyoni ninaogopa, na sitaki kukuficha."

Ningeweza kumwelewa. Leo namwelewa. Siku ile nilisikia jambo moja tu: kwamba hata huyu yuko tayari kunipakia kwenye boti. Nikavuta kapu kwa hasira, nikatoa nanasi, nikaliweka juu ya gogo.

Hapa lazima niseme jambo la kwetu. Katika ukoo wetu kisu kipya hakiitwi kisu mpaka kifunguliwe. Kabla ya hapo ni chuma tu. Fundi anakata nacho kitu cha kuliwa, anakila kwenye bamba lenyewe, peke yake, ndipo kinauzwa. Lakini kuna kisu kimoja katika maisha ya fundi ambacho hafungui peke yake. Anakifungua na mtu mwingine, kipande wewe kipande mimi, juu ya bamba moja. Kisu hicho hakiuzwi, na wale wawili wamekuwa watu wa nyumba moja. Baba alifanya hivyo na mama, kwa embe. Babu alifanya na bibi, sijui kwa tunda gani.

Kisu kile nilikuwa nimekifua kwa ajili ya Méthode. Kilikuwa bado hakijala kitu.

Nikamenya nanasi. Nikakata kipande, nikala kwenye bamba, kitamu mpaka kinauma ulimi. Nikakata kingine, nikamsogezea kwenye kisu hichohicho.

"Kula."

"Una hasira," alisema.

"Nina hasira. Kula."

Akala, akiniangalia. Maji ya nanasi yakamshuka kidevuni, akayafuta kwa kiganja, akatabasamu kwa ule upole wake unaonimaliza. Alifikiri tumepatana. Sikumwambia. Ningeweza kumwambia na nilinyamaza, na nilinyamaza makusudi. Nilisema moyoni: haya, sasa niwaone watakavyonipandisha boti.

Nusu ya nanasi tukaibakiza kwa ajili ya kizuizi. Tulipofika tukamwachia yule askari. Tulipoachana nikampa Méthode kile kisu, akakifunga kiunoni.

Saa tisa kamili alikuwa mlangoni kwetu, shati jeupe, viatu mkononi. Alisalimu vizuri, akaketi mwisho wa mkeka. Kabla ya kusema lolote alikivua kile kisu kiunoni na kukiweka mbele yake, maana hakutaka kukaa na wazee akiwa na kisu mwilini. Mimi nilikaa karibu na mama. Nilitakiwa kuwa jikoni, lakini jikoni sikwenda.

Baba Mkubwa alianza bila haraka. "Unafanya kazi gani, kijana?"

"Niko mulinzi wa hifadhi, mzee. Rusizi."

"Unalinda nini?"

"Viboko, nzohe, ndege. Na watu wanaokuja kuwaangalia."

"Viboko wana haja ya kulindwa?"

"Miaka hii, ndiyo. Watu wana njaa."

"Na dini yako?"

"Ninasali kanisani na mama yangu."

"Utasilimu?"

"Nimeanza kuuliza na kusoma," akasema. "Lakini sitasimama mbele yenu niseme nimeamini kabla sijaamini. Nikisilimu, itakuwa kwa Mungu. Haitakuwa kwa kumuogopa mutu."

Nilimwona baba akiinua macho. Baba Mkubwa yeye alipumua kupitia puani. "Basi huna dini, huna nyumba, na kazi yako ni kuwalinda viboko. Umekuja na nini?"

"Nimekuja na mimi mwenyewe, mzee."

Baba akanyoosha mkono akachukua kile kisu pale mkekani. Nadhani alitaka tu kushika kitu. Fundi akiona kisu mkono unaenda wenyewe. Akakivuta kutoka kwenye ala, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaona doa.

Chuma cha springi hakipendi tindikali. Nanasi likikaa juu yake kwa muda linaacha doa la buluu na kijivu, na doa lile halitoki mpaka ulisugue kwa msasa. Ningeweza kukipitisha kwanza nyumbani, penye msasa wa kutosha, kabla ya kumpa Méthode. Sikulisugua.

"Hiki kimefunguliwa," baba alisema taratibu. "Ni kisu cha Kudra. Mulikula nini?"

"Nanasi," Méthode akajibu, amefurahi kuulizwa jambo rahisi. "Asubuhi hii."

"Mulikulia wapi? Kwenye jani?"

"Apana, mzee. Kwenye hichohicho. Kipande yeye, kipande mimi."

Mama akaweka mkono mdomoni. Baba akakiweka kisu chini polepole. Méthode alituangalia mmoja mmoja, na uso wake ukaanza kubadilika, kama mtu aliyesema neno la matusi kwa lugha asiyoijua vizuri.

Baba Mkubwa ndiye aliyezungumza wa kwanza. Aliacha nyundo miaka thelathini iliyopita, lakini alizaliwa kwenye karakana ileile. "Wewe," akamwambia Méthode, "ulijua maana yake?"

"Maana ya nini?"

"Swali ni hilo tu. Ulijua, au hukujua?"

Angeweza kudanganya. Angesema nilijua, na mambo yangeishia hapo, na mimi nilimwomba kwa macho yangu yote aseme hivyo. Lakini huyu ni mtu ambaye hakukubali kudanganya hata juu ya Mungu.

"Sikujua," akasema.

"Basi hakuna kitu." Baba Mkubwa aliegemea ukuta. "Marehemu baba yetu alisema wazi, Huseni, nawe unakumbuka. Lazima wote wawili wajue. Asiyejua amekula tunda tu."

"Alisema hivyo," baba akakubali, kwa sauti ndogo.

Méthode akanigeukia. "Ina maana gani?"

Nikamweleza. Mbele ya wote, bila kupunguza. Nilisema kwa kichwa juu, maana ndivyo nilivyo, lakini kadiri nilivyosema ndivyo maneno yangu yalivyoonekana mabaya kwangu mwenyewe. Alipoelewa yote hakupaza sauti.

"Na asubuhi ile wewe ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Ukaniangalia nikila."

"Ulisema niende Kigoma. Nilikasirika."

"Mi nilikuwa nimekuja kuomba, Kudra. Nimevaa shati. Nimekaa hapa naulizwa kama ng'ombe wa sokoni, na nilikuwa tayari kuulizwa mpaka jioni." Alisimama. "Mi si chuma cha kufunguliwa."

Akawaaga wazee, mmoja mmoja, kwa heshima yote. Kisu alikiacha mkekani. Nilisikia viatu vyake vikivaliwa nje, kimoja, halafu kingine, halafu baiskeli.

"Imekwisha," Baba Mkubwa alisema, si kwa ubaya. "Fatouma, mfungie nguo zake."

Asubuhi ya Jumatatu baba alinikuta uani, nimekaa juu ya gogo la fuawe bila kufanya kitu. Macho yalikuwa yamenivimba.

"Ulifanya vibaya," aliniambia.

"Najua."

"Kile kisu hakifunguliwi kwa hasira. Na hakifunguliwi kwa ujanja."

"Najua, baba."

Akasafisha koo. "Lakini boti ni jambo lingine." Alitazama mlango wa nyumba, kule kaka yake alikokuwa anakunywa chai. "Mi siwezi kumukatalia kaka yangu. Sijawahi. Ila na wewe sitakuburuza. Mi niko karakana, nina kazi." Akawasha moto mapema kuliko siku zote, akaanza kupiga chuma, na nadhani alikuwa anakipiga ili asisikie tunavyotoka.

Bandarini kulikuwa na watu wengi na magunia mengi. Wapakiaji wanapita wanapiga kelele, wanawake wamekaa juu ya mizigo yao, boti imejazwa mpaka unajiuliza itaelea vipi. Mama alikuja nasi kunisindikiza. Alikuwa ameshika mkono wangu tangu tulipotoka kwenye taksi na hakuwa ameuachia. Baba Mkubwa alitangulia kwenye meza ya karani, akaweka tikiti mbili juu yake, akazinyoosha.

Karani alikuwa na orodha na kalamu. "Massoudi."

"Niko."

Akaandika. "Kudra binti Huseni."

"Niko," nikasema.

"Unasafiri?"

Ni swali wanalomuuliza kila mtu. Alikuwa ameshainamisha kalamu kuandika. Nilimfikiria Méthode na shati lake jeupe, na nikajua kwamba pengine hatarudi tena, na kwamba ana haki asirudi. Nikajua vilevile kwamba hilo halibadilishi kitu.

"Apana," nikasema. "Mi nasindikiza."

Kalamu ikasimama.

"Ana wasiwasi tu wa safari," Baba Mkubwa akamwambia karani. "Andika."

"Mzee, mi naandika anayesema anasafiri," karani akajibu kwa uchovu. "Nyuma yako kuna watu."

Baba Mkubwa akanivuta pembeni. Alikuwa ameiva usoni, lakini sauti yake aliishusha. "Kwa ajili ya mtu aliyekuacha jana? Mbele yangu?"

"Baba Mkubwa, sio kwa ajili yake. Jana alikasirika na alikuwa na haki. Hata asiporudi maisha, mi sipandi. Hakuna aliyeniuliza kama nataka Kigoma. Hakuna aliyeniuliza kama namtaka Khaled. Nawe unanipenda, najua, ungekuwa hunipendi usingekuja kunifuata kwenye vita. Lakini kazi yangu iko hapa, moto wangu uko hapa, na mimi ndiye nisiyepanda. Mimi."

"Na risasi?"

Mama ndiye aliyejibu. Aliniachia mkono, akainama kwenye mizigo ya Baba Mkubwa, akatoa kikapu changu katikati ya magunia yake, akakiweka begani.

"Fatouma, unafanya nini?"

"Ni nguo zake, shemeji. Zinaenda kufanya nini Kigoma?" Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Akibaki nitalia. Akienda nitalia. Afadhali nilie nikimwona."

Sikuwahi kumsikia mama akimjibu Baba Mkubwa kabla ya siku ile. Baba Mkubwa naye nadhani hakuwahi. Alisimama, akatuangalia wanawake wawili na kikapu kimoja. Halafu akaichukua tikiti yake, yangu akaiacha pale mezani, akaenda kwenye boti. Alipofika kwenye ubao wa kupandia alinyanyua mkono bila kugeuka. Tulimsubiri mpaka wakafungua kamba.

Nje ya geti Méthode alikuwa amesimama na baiskeli yake, amevaa sare ya kazi, amechelewa kazini kwa saa mbili.

Mama akamwangalia kuanzia viatu mpaka kichwa. "Saa saba tunakula," akasema, sijui alimwambia nani kati yetu. Akaita taksi, akapanda na kikapu changu, akaondoka.

Tulibaki hapo, malori yanatupita.

"Sikuja kukuzuia," alisema.

"Najua."

"Nilitaka tu kuona kama utapanda."

"Umeona."

"Bado nina hasira, Kudra."

"Naiona."

"Unajua kinachonichoma? Ningesema ndiyo. Ungeniambia pale kwenye gogo, kisu hiki kina maana hii, ningekula nanasi yote na maganda yake. Ulininyima nafasi ya kusema."

Mimi mwenye mdomo Buyenzi nzima, nilitoa neno ambalo sikuwa nimezoea kulitumia. "Nisamehe," nikasema. "Sitakuamulia tena. Nimetoka kumkatalia mzee wangu jambo hilohilo, na mimi nilikufanyia hilohilo."

Alinitazama. Yale macho yakaja karibu tena.

"Basi niulize," akasema.

"Hapa?"

"Hapa. Nataka kuulizwa."

Mpakiaji mmoja alikuwa amesimama na gunia kichwani, anatusikiliza bila haya. Nikamwacha asikilize.

"Méthode, utanioa?"

"Ndiyo." Alisema haraka, akaona aibu kwa haraka yake, akatabasamu. "Ya dini itachukua muda. Nitakaa na shehe, nitakaa na baba yako. Sitadanganya mutu, hata wewe."

"Chukua muda. Mi siendi popote."

Akageuza baiskeli, akapangusa kiti cha nyuma kwa mkono wa shati. "Panda. Tupite njia ya nyuma, watu wa kwenu wasianze maneno."

"Apana," nikasema. "Tutembee."

Nikashika usukani upande mmoja, yeye upande wa pili, baiskeli katikati yetu. Tuliingia Buyenzi saa tano asubuhi kwa Avenue ya Kumi na Tatu, ambapo maduka yote yalikuwa wazi na kila duka lilikuwa na mtu mlangoni, na nilitembea polepole ili watuone vizuri.